Mtoto anaiba hela nyumbani na anakataa hata akishikwa nayo mkononi, je ni damu?

"Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu nipo Kirumba hapa Mwanza, nauza dagaa soko la Mwaloni. Shida yangu ni kijana wangu mkubwa, ana miaka 8 yuko la pili. Huyu nilimuacha kwa bibi yake Ukerewe akiwa na mwaka na nusu nikaja mjini kutafuta maisha, nikamchukua alipofika miaka 6 ili asome huku. Anaiba hela. Mia mbili, jero, kuna siku alichukua buku mbili nzima. Ukimuuliza anakataa, hata ukiikuta mfukoni mwake anasema kaokota. Baba yake anavua dagaa visiwani, anarudi nyumbani mbalamwezi ikitoka, akirudi namwambia yote na anamchapa kweli kweli lakini wapi. Mara mbili tumemlaza njaa. Nimempeleka kwa mchungaji kaombewa. Kinachonichanganya hela zenyewe hajinunulii, nasikia anawanunulia wenzie barafu na karanga. Alafu wiki iliyopita nimekuta chapati na viazi chini ya godoro vimeota ukungu. Mama mkwe anasema kijana kachukua damu ya mjomba wake, maana kaka yangu aliwahi kufungwa Butimba kwa wizi. Je ni kweli wizi upo kwenye damu? Nimrudishe kwa bibi yake au nimpeleke bweni akanyooshwe?"

Pole sana dada yangu, na asante kwa kuandika kwa urefu. Watu wengi wananiandikia "mwanangu mwizi nifanyeje", basi, hapo mtu unaanzia wapi. Wewe umeandika mpaka chapati ya chini ya godoro, na nikwambie ukweli hiyo chapati imeniambia mengi kuliko hela zote ulizotaja. Tutaifikia.

Kwanza nihakikishe nimekuelewa. Hofu yako sio jero. Jero unaweza kuisamehe. Hofu yako ni kwamba umeshafanya kila kitu ambacho mzazi anaambiwa afanye, umechapa, umenyima, umeombea, na kijana hasogei, sasa umeanza kujiuliza labda hiki kitu kipo ndani yake na hakitoki. Ndo maana maneno ya mama mkwe yamekuingia.

Basi nianze na damu tuitoe njiani. Damu ya wizi hakuna. Kuna vitu mtoto anazaliwa navyo ndio, na kila aliyezaa zaidi ya mmoja anajua hilo, huyu mkimya tangu siku ya kwanza, yule katoka tumboni anapiga kelele na hajanyamaza mpaka leo. Tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba hulka, yani wepesi wa kukasirika, haraka haraka, woga, kupenda kujaribu vitu, sehemu yake tunarithi kweli. Ila hulka ni kama upepo wa ziwani, huo huo unamfikisha mwenye tanga Nansio, bandari ya Ukerewe, na huo huo unambamiza mwingine kwenye mawe, inategemea nani kashika usukani. Mjomba mtu kuwa alifungwa haituambii chochote kuhusu mtoto wa miaka 8 na mkoba wa mama yake. (Na nimegundua kitu kwenye kazi hii, mama mkwe anisamehe, damu mbaya ikianza kutafutwa kwenye familia mara nyingi inapatikana upande wa mke.) Kinachonisumbua kwenye huo msemo ni kwamba kijana anausikia. Mtoto akishaambiwa yeye ni fulani wa pili anaanza kujaribu hilo koti kama linamtosha, kwaiyo huo msemo uishe nyumbani kwako leo, hata kwa utani usirudi.

Sasa tuje kwenye uongo, maana naona ndo unakuuma kuliko wizi wenyewe. "Hata ukiikuta mfukoni anasema kaokota." Wazazi wengi wanaona huo ni ujeuri, mtoto anakudharau anakuona mjinga. Sio hivyo. Kudanganya ni hatua ya akili, mtoto hawezi kudanganya mpaka ajue kwamba kilichopo kichwani kwake hakipo kichwani kwako, na hiyo inaanza kwenye miaka mitatu minne hivi. Watoto wote wanaingia hapo, wa mchungaji na wa mwizi. Swali la maana ni kwanini mwingine anadanganya mara moja moja akaacha, na mwingine anafanya ndo kazi.

Nikupe mfano wa kwangu. Nikiwa mdogo nilivunja kioo cha chemli. Mama akatuita wote akasema kwa sauti ya upole kabisa, nani kavunja, aseme ukweli simfanyi kitu. Nikasema mimi. Nilichapwa mpaka jirani akaja kuniombea msamaha. Tangu siku ile pale nyumbani kwetu paka alivunja vitu vingi sana.

Sikuwa mtoto mbaya mimi, nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nilifundishwa kwamba ukweli unauma papo hapo na uongo unaweza kukuvusha, nikashika. Na hili limepimwa. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Canada, Victoria Talwar na Kang Lee, walitoa utafiti wa watoto wa miaka mitatu na minne kwenye shule mbili za Afrika Magharibi, maeneo yale yale, familia za hali zinazofanana, tofauti ni kwamba shule moja watoto wanachapwa na nyingine wanaonywa kwa mdomo. Mtoto anakaa amegeuka mgongo, nyuma yake kuna kitu cha kuchezea, anaambiwa usichungulie, alafu mtu mzima anatoka. Karibu wote walichungulia, shule zote mbili, watoto ni watoto. Walipoulizwa umechungulia? shule ya fimbo karibu wote walikataa, na walijua kuulinda uongo wao vizuri zaidi. Shule nyingine waliokataa walikuwa nusu na kidogo. Yani fimbo haikuwazuia kuchungulia, iliwafundisha kuficha.

Sasa rudi nyumbani kwako tufanye hesabu. Kijana akichukua jero, akikubali, anachapwa uhakika. Akikataa? Kuna siku unachapa, kuna siku umechoka umetoka kwenye jua la Mwaloni na bado hujapika unasema shauri yako, kuna siku jirani anaingia mazungumzo yanakatika, kuna siku kweli unaanza kujiuliza labda nimehesabu vibaya. Kwaiyo kukataa kunalipa mara nyingine na mara nyingine hakulipi, na hapo ndo pabaya. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alikaa miaka na panya na njiwa wake akaonyesha kwamba tabia inayolipwa kila siku ukikata malipo inakufa haraka, lakini tabia inayolipwa kwa kubahatisha ni ngumu kufa kuliko zote. Huna haja ya kwenda kwa njiwa, angalia vijana kwenye mashine za bonanza. Ingekuwa haitoi kabisa wangeacha wiki ya kwanza. Inatoa kidogo, hujui lini, ndo maana mtu anatumbukiza mia mbili mpaka nauli inaisha. Kijana wako anacheza bonanza ya uongo na wewe bila kujua ndo mashine.

Alafu kuna hili la mwezi. Umesema baba anarudi mbalamwezi ikitoka na ukimwambia anachapa. Fikiria upande wa mtoto. Kachukua jero Jumatatu ya giza, siku hiyo kala karanga na wenzie wamecheka. Wiki mbili mbele mwezi unatoka, baba anaingia mlangoni, kabla hata hajavua mabuti kijana anavutwa mkono. Kwenye kichwa cha miaka 8 ile jero imeshakufa zamani. Adhabu ili ifundishe inatakiwa ikae karibu na kosa, ikichelewa inaungana na kile kilichopo karibu nayo, na kilichopo karibu hapo ni baba. Fimbo ya nyumbani kwako inafuata mwezi dada yangu, sio kosa. Anachojifunza ni kwamba mbalamwezi ikitoka nyumbani panakuwa pabaya. Niulize tu, siku baba anakaribia kurudi kijana anakuwaje? Hapatikani? Anaumwa tumbo? Angalia hilo.

Najua mtu atasema mbona fimbo inafanya kazi, nikimchapa anaacha. Kweli anaacha, dakika ile. Na hapa kuna kitu wazazi wengi hatukioni, kwamba fimbo inamfundisha mzazi kuliko mtoto. Umekasirika, kelele zimejaa, umechapa, ghafla kimya. Kile kimya ni malipo yako wewe. Kesho mkono unaenda kwenye fimbo wenyewe, sio kwamba wewe ni katili, ni kwamba umelipwa. Mwaka 2016 mtafiti wa Marekani Elizabeth Gershoff na mwenzake walikusanya tafiti 75 zenye watoto zaidi ya 160,000, kote fimbo ilikuwa inatembea pamoja na ukorofi zaidi, ugomvi zaidi, uhusiano mbovu zaidi na wazazi. Niwe mkweli, hilo halimaanishi kila mtoto aliyechapwa ameharibika, wengi tumechapwa na tupo, na watoto wasumbufu nao wanajitafutia fimbo nyingi kwaiyo sababu na matokeo yanachanganyikana. Ila wafuatilie watoto hao hao miaka ikienda, faida ya kudumu haionekani. Na kwako wewe hatuhitaji hata utafiti, umejaribu miaka miwili.

Watu wa huku wakitaka kutetea fimbo wanakuja na samaki mkunje angali mbichi. Mimi naupenda huo msemo, ila nenda Mwaloni kamwangalie anayekunja samaki. Anakunja taratibu, kwa mkono, samaki bado laini, hamna anayempiga samaki ili akunjike.

Haya, sasa chapati.

Mtoto anayeficha chakula mpaka kinaota ukungu hana tamaa, angekuwa na tamaa angekila. Anaweka akiba. Anaweka akiba kwasababu mwili wake hauamini kwamba kesho kipo. Sehemu ya hilo imeletwa na zile siku mbili mlizomlaza njaa, na hapo nitasema bila kuzunguka, hiyo msirudie kabisa, chakula kisiwe adhabu hata siku moja. Ila naamini mzizi uko mbali zaidi ya siku mbili.

Wewe unasema "nilimuacha kwa bibi, nikamchukua". Kwako hiyo ni hadithi ya mama aliyehangaika mpaka akaweza kumleta mwanae nyumbani, na ni kweli, na ujipongeze. Kwake ni hadithi nyingine. Kwake bibi ndo alikuwa mama. Yule anayejua anavyopenda uji, anayelala ukuta ule, anayemwita kwa jina la utani. Siku moja mwanamke anayemjua kwa simu na kwa zawadi za Krismasi akaja, wakapanda meli Nansio, saa kadhaa juu ya maji, akashuka kwenye mji wa mawe na kelele, kuna wadogo zake wawili ambao tayari wana mama. Yeye hakuletwa nyumbani. Yeye aliondolewa nyumbani. Na kumbuka ilikuwa mara ya pili, maana kwenye mwaka na nusu mtoto anakuwa ameshakushika wewe sawasawa, anakujua, anakulilia.

Hii elimu ya mtoto na mtu wake, utashangaa, sehemu kubwa ilianzia hapa hapa kwenye ziwa letu, ng'ambo tu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alihamia Kampala, akawa anatembelea familia 26 kwenye vijiji vya jirani, anakaa nao nyumbani anaangalia mtoto na mama. Alivutiwa na mambo kama ile desturi ya mtoto akiachishwa kunyonya anapelekwa kwa bibi. Alichokiona kwa wale watoto ni kwamba mama ni kama gati. Mtoto anatoka kidogo, anaenda kuchezea sufuria, anageuka kuangalia kama gati lipo, anaenda mbali zaidi, akiogopa anarudi. Gati likiwa na uhakika mtoto anakuwa jasiri. Likiwa leo lipo kesho halipo, kuna wanaong'ang'ania wasitoke kabisa, na kuna wanaojifanya hawana shida na gati, wanajitafutia wenyewe. Mwenzake wa London, John Bowlby, ndo alieleza kwanini, kwamba kumng'ang'ania mtu wako sio udekaji, ni mwili kujilinda, ni kama njaa.

Usinielewe vibaya, sijasema kulelewa na bibi kunaharibu mtoto. Hilo nalo ni kosa linalosemwa sana mjini, "huyu kalelewa na bibi ndo maana". Mtoto anaweza kushika watu wawili watatu wanne bila shida, nusu ya Mwanza imelelewa hivyo na ni watu wazima wazuri tu. Kinachouma ni kukatwa ghafla bila daraja. Na wala sikulaumu, ulifanya kilichowezekana kwa hali uliyokuwa nayo.

Ukishaliona hilo angalia tena zile hela. Hajinunulii. Anawanunulia wenzie. Mtoto mgeni, lafudhi ya kisiwani wanamcheka, hana kaka wa kumtetea, akagundua kwamba mwenye barafu mkononi hachekwi. Jero inamnunulia nusu saa ya kuwa mtu. Hiyo ndo kanuni ninayotaka uishike kuliko zote nilizoandika hapa, kila tabia inayojirudia kuna kitu inamletea mtoto, ukiikata bila kumpa njia nyingine ya kukipata kile kitu, atatafuta mlango mwingine, na mlango wa pili unaweza kuwa mbaya kuliko wa kwanza.

Kwaiyo ufanyeje. Kabla ya yote, mulize kwa utaratibu, siku mmetulia wawili tu, kama kuna mtu anamdai au anamtuma hela. Wakubwa wa shule, kijana wa mtaani, yeyote. Usiulize kwa sauti ya polisi. Kuna watoto wa umri huu "wezi" ambao wanalipa kodi kwa mtu na wanaogopa kusema. Kama ni hivyo hili jibu lote linabadilika, kazi inakuwa ni kumlinda.

Kama sivyo, hela zitoke njiani. Sio kumtega uone, wazazi wanapenda sana kutega, wanaacha buku mezani wanajificha. Mtego haufundishi uaminifu, unafundisha kuangalia kama kuna mtu. Hela ifunge, uwe nayo kiunoni, umpunguzie mtihani ambao bado hauwezi.

Alafu acha kuuliza swali ambalo jibu unalijua. "Umechukua hela?" wakati umeiona mfukoni, hapo umemfungulia mwenyewe mlango wa uongo. Sema unachokiona: "Jero imetoka kwenye mkoba wangu na ipo kwako. Inarudi." Sauti ya kawaida, kama unamwambia mteja chenji haijatimia. Kama imeshaliwa, inalipwa. Mpe jero yake kila Jumamosi, ya kwake kabisa, anunue barafu agawe asigawe ni yeye, na deni likatwe humo kidogo kidogo, isikatwe yote. Au alipe kwa kazi ya kumfaa mtoto, achambue dagaa na wewe nusu saa atoe mawe na vikonokono. Hiyo ipo karibu na kosa, inaeleweka, na inaisha. Ikiisha imeisha, usiirudishe Ijumaa mbele ya shangazi.

Siku akisema ukweli, hata kwa kunong'ona, simama hapo hapo. "Asante kwa kuniambia, najua ilikuwa ngumu." Jero bado inalipwa, ila hamna fimbo na hamna hotuba. Ukivunja ahadi hii hata mara moja utarudi kwenye chemli ya mama yangu. Kang Lee na wenzie walijaribu pia hadithi, wakatoa matokeo 2014, watoto wakasimuliwa hadithi za waongo walioadhibika na ya kijana aliyekiri kosa akapongezwa. Za vitisho hazikupunguza uongo. Ya kupongezwa ndo iliongeza ukweli. Na jiangalie na wewe, mimi sipo kwako lakini niko Mwanza nasikia simu za watu kwenye daladala, "nimeshafika Mwaloni nakusubiri hapa" na ndo kwanza tupo Igoma. Mwanasaikolojia Albert Bandura mwaka 1961 alionyesha watoto wadogo mtu mzima akipiga mdoli, wakaja kupiga vile vile mpaka maneno. Wanachukua wanachokiona.

Dakika kumi kila siku ziwe zake. Najua umecheka, una watoto watatu na dagaa wako juani na mawingu yanakuja. Dakika kumi. Mnachambua dagaa pamoja, hamna kukosoa, hamna "na ile hela", unamuuliza kuhusu Ukerewe. Walikuwa wanavua na nani, bibi anapika nini, mbwa wao anaitwaje. Mtoto akisimulia kwao na wewe ukasikiliza anaanza kuona ana mama mmoja mwenye nyumba mbili, sio nyumba mbili zisizo na mama. Bibi apigiwe simu siku moja maalum, tuseme Jumapili jioni, isirukwe, na isitumike kumshtaki mtoto kwa bibi yake.

Baba naye. Usimpe kazi ya mahakama. Ile "subiri baba yako aje" ifute. Makosa ya giza yaishie kwako wakati wa giza, mwezi ukitoka baba anarudi kwa habari njema, anamkalisha kijana pembeni wanashona wavu, anamwonyesha fundo. Wanaume wengi wa ziwani ukiwaambia "mwanao anakuogopa" wanakasirika, ukiwaambia "mwanao anataka umfundishe kushona wavu" wanakaa. Jaribu ya pili.

Nakuonya kitu kimoja ambacho kinakatisha wazazi tamaa. Wiki ya kwanza mbili anaweza kuzidi. Bomba ulilozoea likikata maji huondoki, unalifungua mpaka mwisho, unaligonga, unalinyonya, ndo unaondoka. Atakupima hivyo hivyo, ataiba wazi wazi aone kama kweli fimbo imeondoka au imejificha. Ukirudi kwenye fimbo hapo umemfundisha kwamba akigonga sana inatoka. Chukua daftari, kila tukio andika mistari mitatu, kabla yake kulikuwa na nini, kafanya nini, baada yake kilitokea nini. Ikipita mwezi mmoja na nusu, miwili, soma uone.

Umeuliza bweni. Kwanza ana miaka 8 yuko la pili, na tangu 2023 serikali ilishazuia bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano, kwaiyo hata ukipata litakuwa la mlango wa nyuma na sitaki mwanao awe huko. Pili hata lingeruhusiwa, huyu shida yake ni kupoteza watu, bweni ni kupoteza tena.

Kurudi kwa bibi ni swali gumu zaidi na sikudanganyi. Kama bibi ana nguvu, anamtaka, na hapo kwako hali ni mbaya kiasi kwamba atapigwa aumizwe, basi kwa bibi ni salama zaidi. Lakini akirudishwa kwasababu kaiba atasoma hivi, nikikosea natupwa, na utakuwa mkato wa tatu. Mimi ningekushauri likizo aende, kwa furaha, tarehe ya kurudi anaijua na wewe mwenyewe unaenda kumchukua siku hiyo hiyo, sio kesho yake. Maombi sina ugomvi nayo kama mchungaji ni mpole. Ila kuombewa mbele ya watu kwamba ana roho ya wizi, hapana, hiyo aibu anaibeba mpaka shuleni.

Mimi sijamuona kijana, nimesoma barua tu. Kuna mambo ukiyaona usisubiri miezi miwili: akiumiza wadogo zake au wanyama kwa makusudi na hajali, akichezea moto, akilala nje, akianza kukojoa kitandani tena wakati alishaacha, akisema anataka kufa, akionyesha mambo ya kimapenzi yasiyo ya umri wake, au amebadilika ghafla ndani ya wiki. Hapo anza na mwalimu wake wa unasihi au afisa ustawi wa jamii wa kata, hospitali ya Bugando wana idara ya afya ya akili, na namba 116 ya watoto ni bure unapiga hata kwa simu isiyo na salio. Na wewe mwenyewe kama ukimshika unahisi hutajua pa kuishia, toka nje, mwite jirani, alafu piga hiyo hiyo 116, sio ya watoto tu.

Na chapati. Ukiikuta tena usimtolee mbele ya wenzie na usiitupe kwa hasira. Nunua kontena dogo la plastiki lenye mfuniko, mwambie hili ni lako, kila jioni weka humo kitu unachotaka, kiazi, andazi, chochote, panya hawataingia. Asubuhi mjazie tena kama kala. Kuna siku utalikuta tupu na hajaomba.